Mtoto wa Filamu Aliyegoma Tarbaj

Kabla sijaanza, nakuomba usiniulize nilikuwa nimetafuna nini. Sitafuni. Miraa nimeipakia, nimeishusha, nimelalia magunia yake njia nzima hadi Wajir, lakini kuitia mdomoni hapana, kwa sababu inaninyima usingizi na usingizi ndio mali pekee niliyo nayo. Nilichokiona Tarbaj nilikiona saa saba mchana, nimeshiba wali, jua limesimama wima juu ya mabati. Na mwisho wake sikuuona peke yangu. Waliuona watu zaidi ya sitini, mmoja wao mzee ambaye hajawahi kukubaliana na mtu juu ya jambo lolote. Hili analikubali.

Mimi ni mtu wa Madogo, ng'ambo ya daraja la Garissa. Shule niliacha darasa la sita. Sikufukuzwa wala sikuwa mjinga, ila kila lori lililopita barabarani nilitaka kujua linaenda wapi, na siku moja nikapanda nikajua. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kujua tu. Nimefyatua matofali, nimechunga mbuzi wa watu, nimeuza maji kwa mkokoteni wa punda kule kambi ya wakimbizi ya Hagadera, na huko ndiko nilikookota Kisomali changu cha kuombea chai.

Lori lililonifikisha Tarbaj, mbele ya Wajir, lilivunjika ekseli. Dereva alisema tungekaa siku mbili, zikawa wiki tatu, na lilipopona likaondoka bila mimi. Nilibaki kwa sababu ya Edo Halima. Edo ni shangazi kwa Kisomali, na mama huyu kila mtu alimwita hivyo, hata waliomzidi umri. Alikuwa na kibanda cha video: mabati, mikeka, televisheni moja, spika mbili, na betri ya lori iliyochajiwa na sola. Alionyesha filamu za Kihindi na za Kichina, na watu walitazama kimya kwa sababu hakuna aliyeelewa neno.

Mimi kukaa kimya sijaweza. Siku ya pili nilianza kumweleza jirani yangu mkekani kwamba yule mwenye masharubu amekuja kudai shamba. Jirani akamweleza jirani yake. Mara kibanda kizima kikageuka kunitazama mimi badala ya filamu. Kesho yake Edo alinipa kiti kifupi na kipaza sauti kilichofungwa kitambaa.

"Mdomo yako haifungi," aliniambia. "Basi ifanye kazi."

Nikawa mtafsiri. Je, nilijua Kihindi? Sikijui hata leo. Nilitazama nyuso, nikajaza maneno, nusu Kiswahili, nusu Kisomali changu cha chai. Mwenye hasira nilimpa ya hasira, mwenye mapenzi nilimpa ya mapenzi. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa mahali ambapo nikichelewa, watu wanauliza niko wapi. Wewe uliyekaa sehemu moja tangu kuzaliwa huwezi kujua utamu wake.

Ila mabati ya kile kibanda hayakuwa ya Edo. Yalikuwa ya kaka yake, mzee Hussein, ambaye mimi kwa heshima nilimwita adeer, yaani baba mdogo. Adeer Hussein hakupenda kibanda. Alisema mbele yangu kwamba siku watu watakapotoka mle wamenuna, mabati yake yatarudi kwa mbuzi. Na hakuwa anatisha tu. Alikwisha kuingia na kamba akapima: mbuzi arobaini, wasipolala chali.

Sasa sikiliza habari ya filamu yenyewe.

Ilikuja kwenye flashi ya dereva mmoja aliyekuwa akitoka Mandera. Ilikuwa ya zamani sana, imenakiliwa kutoka kanda, rangi zake zimefifia mpaka kila kitu kimekuwa kama chai ya mgonjwa. Jina lake lilikuwa limekatika. Lugha yake mpaka leo sijapata wa kuniambia. Na ilikuwa filamu ya watu wasio na kitu: jumba la mfalme lilitikisika kila mlango ulipofungwa, na farasi wa mfalme alikuwa wanaume wawili ndani ya ngozi moja, wa nyuma akiwa mrefu kuliko wa mbele.

Hadithi yake ilihusu mtoto wa miaka minane hivi, mwigizaji maarufu, aliyeharibiwa kwa kudekezwa. Anavaa koti la mahameli jekundu. Wakubwa wote wanamtetemekea. Hataki kuigiza mpaka aletewe kiti, kiti kikija anataka mto, mto ukija anataka mwingine. Mwongozaji wa filamu, mtu mnene mwenye filimbi shingoni, anapiga magoti kumbembeleza, na mtoto anamvua nywele za bandia anazifutia viatu. Niamini, ilichekesha hata bila maneno.

Lakini palikuwa na mahali pamoja. Mwanzoni kabisa mtumishi anamletea glasi ya maziwa, na mtoto anaimwaga sakafuni. Yote.

Siku ya kwanza tulipoionyesha ilikuwa siku ya soko la mifugo, wafugaji wamejaa mpaka mlangoni. Maziwa yalipomwagika, kibanda kizima kilivuta pumzi. Hawa ni watu waliowahi kugawana kikombe kimoja cha maziwa ya ngamia watu watano, na wa tano akamrudishia wa kwanza. Mama mmoja alifunika macho ya mwanawe.

Nikaona nimepata kamba ya kuvuta. Nikambana mtoto yule pua, yaani nilibana yangu, nikampa sauti nyembamba ya mbu. Nikamwita Mkataa-Maziwa. Watu wakaanza kucheka, na mtu akichekewa huwa hajui pa kusimama. Mwongozaji alipomuuliza mtoto jambo fulani na mtoto akanyamaza, mimi nikatafsiri hivi: mwongozaji anauliza, wewe ni mwana wa nani? Na kwa sauti ya mbu nikajibu: sijui, baba yangu hana jina, na baba yake hakuzaliwa.

Walicheka mpaka mkeka ukachanika. Lazima ujue kwamba kule mtoto wa miaka sita anakutajia baba zake kumi bila kupumua, mmoja baada ya mwingine, kama anashuka ngazi. Kumwambia mtu hana ukoo ni zaidi ya kumpiga kofi. Nilijua hivyo. Nilisema kwa sababu nilijua.

Wiki iliyofuata nikaiweka tena. Walikuwapo watoto kama kumi na mwalimu mmoja. Filamu ikaanza vizuri: muziki, jumba la kutikisika, wakubwa wamejipanga. Mlango ukafunguliwa.

Hakuingia mtu.

Mtumishi alinyoosha glasi ya maziwa kwenye hewa tupu. Mwongozaji akapiga magoti mbele ya kiti kisicho na mtu. Akatazama saa yake. Akapuliza filimbi. Wale wawili wa ngozi ya farasi wakazunguka mara mbili, wakasimama, na wa nyuma akatoa kichwa kuuliza kuna nini. Kisha mwongozaji akageuka, akatutazama sisi. Si kamera. Sisi. Alinitazama mimi pale kwenye kiti changu kifupi, kama mtu anayesema: umemfanya nini mtoto wa watu?

Watoto walifikiri ni sehemu ya mzaha. Mwalimu alisema flashi imeharibika. Nilijaribu kwenye simu yangu, nikajaribu kwa mwenye duka la simu, nikaikopi upya. Mtoto hayumo. Filamu ya saa moja na nusu, watu wazima wanasubiri tu.

Na Edo alikuwa amekwisha kutangaza kwa spika siku ya soko kwamba Idi ya kuchinja, baada ya sala ya alasiri, filamu ni ya Mkataa-Maziwa. Watu wa visimani walikuwa wanakuja na wake zao. Adeer Hussein pia alisikia tangazo. Alisema atakuja mwenyewe kuona nyuso za watu wakitoka. Kamba yake ya kupimia aliiacha imetundikwa msumarini, ndani ya kibanda, ili tuizoee.

Siku mbili kabla ya Idi, saa saba mchana, Tarbaj yote imelala. Wakati huo hata mbuzi husimama kwenye kivuli cha mbuzi mwenzake. Mimi nilikuwa ndani ya kibanda peke yangu nikiitazama tena ile filamu tupu, nikitumaini. Mle ndani mna giza, isipokuwa matundu ya misumari kwenye mabati yanayoangusha vitone vya jua juu ya mikeka.

Nikasikia mtu akipiga chafya. Mbele, kwenye mkeka wa kwanza, alikuwa amekaa mtoto.

Koti la mahameli jekundu, vifungo mpaka kooni, na joto lile, na hana hata tone la jasho. Rangi yake ilikuwa ile ile ya chai ya mgonjwa. Katikati ya mwili wake, kutoka utosini hadi kiatuni, palikuwa na mstari mweupe unaocheza, kama mkwaruzo kwenye kanda ya zamani. Vitone vya jua havikumkaa mwilini. Vilimpita vikatua mkekani.

Je, nilikimbia? Miguu ilitaka. Lakini nina ugonjwa wa kutaka kujua, nao umenizidi nguvu.

Alifungua mdomo, akaufunga. Ndipo maneno yakaja, baada ya midomo kumaliza kazi.

"Umechelewa," alisema. Na hilo ndilo lililonisimamisha nywele, kwa sababu sauti ilikuwa yangu. Ile ya mbu. Ile ya kubana pua.

"Kuchelewa wapi?"

"Haal yangu iko wapi?"

Haal ni desturi ya Wasomali. Ukimvunjia mtu heshima, samahani ya mdomo peke yake haitoshi. Unampelekea kitu cha kumsafisha moyo: pengine mwanakondoo, pengine kikombe cha maziwa, kwa kadiri ya tusi. Akipokea, jambo limekwisha na halitajwi tena. Sasa mtoto wa filamu ya ng'ambo alijulia wapi haal? Nilimuuliza. Alinitazama kama mwongozaji anavyotazamwa.

"Mdomo nilikuwa sina," alisema. "Ulinipa wewe, na lugha ya hapa na desturi za hapa. Halafu kitu cha kwanza ulichonitia mdomoni ni kwamba sina baba."

Nikamwambia ulikuwa mzaha.

"Mzaha ulikuwa wako. Waliocheka walinitazama mimi."

Nikasema ngoja nilete maziwa. Basi hapo ndipo nilipojua kwamba kuwa na uchungu hakumwondolei mtoto kudeka. Nilileta maziwa ya mbuzi kwenye kikombe cha plastiki. Akasema yeye si kuku. Nikatafuta glasi; akasema ina ufa. Akataka kiti changu kisogezwe mbele, kisha nyuma kidogo, kisha palepale kilipokuwa. Akanituma nimpepee. Nilimpepea kwa kipande cha katoni, mstari wake mweupe ukawa unayumba kama uzi. Mwishowe akasema anataka maziwa ya ngamia, ya chombo kilichofukizwa moshi, kwenye glasi isiyo na ufa, na aliyemtukana ndiye ayalete.

Nikaenda kumwamsha Edo Halima. Nilimwambia nina mgeni, nimemkosea, anataka haal. Hakuuliza mgeni ni nani. Kule mgeni haulizwi habari zake kabla hajala. Aliuliza tusi lilikuwa kubwa kiasi gani.

"Nilisema hana ukoo."

Edo alikaa kitako. Kisomali hakina p, na Edo akishtuka zake zote hugeuka b. "Subhanallah. Ulisema wabi?"

"Kibandani. Siku ya soko."

"Sasa ulimtukana mbele ya watu, na haal unataka kumba kwa giza kama mwizi?" Alikuwa tayari anasuuza glasi. "Maziwa nitakuba. Lakini utamba mbele ya watu hao hao."

Niliporudi, mkeka ulikuwa mtupu. Kwenye televisheni mwongozaji aliendelea kutazama saa. Kiti changu tu ndicho kilichokuwa kimesogezwa tena, mbele, nafasi ambayo mwanzoni alikuwa ameikataa.

Siku ya Idi walikuja wote. Watoto kwa nguo mpya, hina mikononi, harufu ya nyama kwenye nguo za kila mtu. Adeer Hussein alikaa mstari wa kwanza na fimbo yake katikati ya magoti. Nikawasha. Muziki, jumba, mlango ukafunguliwa, hakuna mtu. Wakangoja. Mtumishi kanyoosha glasi, hakuna wa kuipokea. Minong'ono ikaanza nyuma. Kijana mmoja akasema tumeletewa filamu ya watu wanaosubiri basi. Adeer alinyoosha mkono akaitwaa kamba yake msumarini, taratibu, akaanza kuizungusha kwenye kiganja.

Edo alinisukumia glasi. Nikasimama mbele ya televisheni, povu likinimwagikia vidoleni. Nikaiweka glasi chini, mbele ya kioo. Kisha nikasema kwenye kipaza sauti, kwa sauti yangu ya kweli, kwamba siku ile ya soko nilimtukana mtoto wa filamu hii. Nilimwambia hana baba. Filamu haikusema hivyo, nilitunga mimi.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na sijui lilitokaje.

"Mimi ni mwana wa Komora," nilisema. "Komora ni mwana wa Hiribae. Baada ya Hiribae sijui. Baba alikufa sijamuuliza, na mimi nikapanda lori. Kwa hiyo nilipotafuta tusi kubwa kuliko yote, nilichukua aibu yangu nikamvika mtoto wa watu."

Hakuna aliyecheka. Nilitamani ardhi ya Tarbaj ifunguke.

"Mbili tu?" aliuliza Adeer Hussein.

"Mbili tu, adeer."

Alifikiri. "Mbili ni mwanzo. Mbuzi yangu ingine haijui hata moja, na bei yake ni nzuri."

Kibanda kikapasuka kwa kicheko, lakini kicheko hiki nilikuwamo ndani yake, sikuwa chini yake. Adeer akainua fimbo watu wakanyamaza. Akainyoosha kwenye televisheni kama anayemwelekeza mchungaji mvivu.

"Wewe kijana. Mtu mzima amekuja na maziwa mbele ya watu. Haal imetoka. Kama wewe ni mtoto ya watu, kubali."

Nakuambia, na wale sitini watakuambia: mlango wa lile jumba ulifunguka, kuta zikatikisika, na mtoto akaingia. Koti jekundu. Kidevu juu. Mwongozaji alimkimbilia huku analia. Mtumishi akanyoosha glasi. Mtoto akaichukua, akatutazama, na watu wote wakashika pumzi, mama yule akanyanyua mkono kufunika macho ya mwanawe. Akainywa. Akainywa mpaka mwisho, kichwa nyuma, akajifuta kwa mkono wa mahameli. Kisha akamvua mwongozaji nywele za bandia akazifutia viatu.

Wazee walipiga makofi kama harusi. Nikainama kuitazama glasi ya Edo pale chini. Ilikuwa tupu. Povu tu, limeshika ukingoni.

Nilibana pua nimtafsirie, sauti ya mbu haikutoka. Ilitoka pumzi tu. Mtoto akasema maneno yake kwa lugha yake, na hiyo ndiyo mara ya kwanza tuliyomsikiliza. Hakuna aliyeelewa. Tulicheka mpaka Adeer Hussein akaomba maji.

Mabati yapo pale pale. Kamba imefungia ndama. Adeer haji kukagua nyuso tena, anakuja kutazama, na kila siku ya soko anadai aletewe glasi ya maziwa kabla filamu haijaanza, kwa hoja kwamba yeye pia amewahi kutukanwa. Flashi ile anayo Edo, na ukipita Tarbaj atakuonyesha. Mtoto bado ana kiburi, bado anataka mto juu ya mto. Ila maziwa hayamwagi. Sauti ya mbu sijaipata tena. Nabana pua mpaka machozi yanitoke, hakuna kitu.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayependa kuchekesha watu. Picha ya mtu si mtu aliyekosa masikio. Ukimsemea asiyekuwapo, msemee kama anakaa mkeka wa mbele. Na kama mchana mmoja, saa saba, mtoto asiyetoka jasho atakudai kitu, usimuulize katoka wapi. Mletee kwenye glasi, na itazame kwanza kama haina ufa.

Mimi baada ya Idi nilipanda lori, lakini safari hii nilijua linakokwenda. Nilishuka Madogo, nikamkuta shangazi yangu mkubwa bado yu hai, nikakaa miguuni pake siku nne. Kisha nikarudi Tarbaj. Adeer Hussein alinipokea barabarani kwa swali moja tu, nami nikamjibu bila kupumua: Komora, Hiribae, Dadho, Maro, Buya.

"Tano," alisema. "Endelea."